Mirihi juu ya Mombasa: jiandae kwa Februari 2027

Tarehe 19 Februari 2027 Mirihi itakuwa mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati yao. Jua likizama upande wa Changamwe, Mirihi itakuwa inachomoza baharini, na itakaa angani hadi alfajiri. Hali hii hurudi kila baada ya miezi 26 hivi, kwa hivyo atakayeikosa atangoja hadi 25 Machi 2029. Lakini si lazima uibane kwenye usiku mmoja. Duara la sayari litazidi sekunde 10 za tao (sekunde ya tao ni digrii moja igawanywe kwa 3,600) tangu mwanzo wa Januari hadi mwisho wa Machi, na hicho ndicho kipimo cha kujali. Likiwa dogo kuliko hapo, darubini ya kawaida haina cha kukuonyesha ila kidoa cha rangi ya chungwa.

Ule ujumbe unaosambaa kila Agosti, kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi, ufute. Chanzo chake ni tarehe 27 Agosti 2003, Mirihi ilipotukaribia hadi kilomita milioni 55.76. Hata usiku ule duara lake lilikuwa sekunde 25 tu, na Mwezi una zaidi ya sekunde 1,800. Mwaka 2027 umbali utakuwa takriban kilomita milioni 101 na duara litafika sekunde 13.8. Huu ni mkabala mdogo, mdogo hata kuliko ule wa Januari 2025. Njia ya Mirihi kulizunguka Jua si duara kamili, na safari hii tutaipita ikiwa karibu na ncha yake ya mbali.

Sasa kwa nini ujisumbue? Kwa sababu sisi tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Februari 2027 Mirihi ikifika kileleni itakuwa digrii 71 juu ya upeo, upande wa kaskazini. Mwaka 2029 itapita karibu na utosi kabisa. Mwaka 2033, duara litakapofika sekunde 22, itakuwa chini kusini kwenye kundi la Mshale, na mtu wa London ataiona kama digrii 10 tu juu ya mapaa ya majirani, ikitetemeka na kutoa kingo nyekundu na buluu. Sisi tutaiona digrii 66. Kadiri sayari ilivyo juu ndivyo mwanga wake unavyopita kwenye hewa kidogo, na hewa ndiyo inayoharibu picha. Watu hununua darubini kubwa zaidi ili kufidia kile ambacho Mombasa tunapewa bure.

Kuipata

Mirihi itakuwa kwenye kundi la Simba, karibu na nyota Regulus. Usiku wa mkabala, ukielekea kaskazini wakati sayari iko kileleni, itakuwa chini ya Regulus kwa upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa. Regulus ni nyeupe yenye ubuluu kidogo, Mirihi ni ya chungwa na inang'aa zaidi. Atakayekuchanganya ni Mshtarii, ambayo itakuwa kama ngumi moja magharibi yake, nyeupe, iking'aa kuliko zote mbili. Zuhura haimo kwenye hesabu: Februari hiyo itakuwa ya alfajiri, na kwa vyovyote vile Zuhura haionekani usiku wa manane.

Asiye na darubini ana kazi nzuri vilevile. Kuanzia karibu tarehe 10 Januari hadi 1 Aprili Mirihi itarudi nyuma, yaani itasogea kuelekea magharibi kati ya nyota badala ya mashariki, kwa sababu Dunia inaipita. Chora Regulus na nyota chache za Simba kwenye karatasi, kisha kila wiki tia nukta mahali Mirihi ilipo. Kufikia Aprili utakuwa na mstari uliojikunja, nao haukukugharimu shilingi.

Saa ni hizi. Usiku wa mkabala Mirihi itavuka digrii 30 saa tatu kasorobo, itapita digrii 45 kabla kidogo ya saa nne, na itafika kileleni saa sita na nusu. Itashuka chini ya digrii 45 baada ya saa tisa. Mkabala unatarajiwa kuangukia ndani ya Ramadhani, kwa hivyo kati ya tarawehe na daku nusu ya mji itakuwa macho saa zile zile sayari iko pazuri. Kufikia katikati ya Machi itakuwa kileleni kabla ya saa tano usiku, na hata wenye watoto wa shule watajiweza.

Usiku wa kuamkia 21 Februari Mwezi mpevu utakuwa hapo hapo karibu na Regulus. Karibu saa nane na robo usiku utapatwa hafifu, ukipita kwenye kivuli cha pembeni cha Dunia tu: upande mmoja utafifia kidogo bila kumegeka. Mwanga wa Mwezi hauiathiri Mirihi. Wanaopenda kwenda ufuoni wakumbuke kwamba hiyo ni bamvua. Maji yatajaa sana kuelekea alfajiri, na mchanga ulioukanyaga saa nne usiku unaweza usiwepo saa kumi.

Taa si adui, joto ndilo adui

Lalamiko la kwanza la watu wa kisiwani ni taa za barabarani. Kwa galaksi na mawingu ya nyota, kweli, taa huharibu. Kwa sayari hazina neno. Mirihi ina mwanga wa kutosha kiasi kwamba jicho lililozoea giza huzidiwa nao, na doa zake hupotea kwenye mng'ao. Taa hafifu karibu nawe husaidia, maana hubana mboni. Hakikisha tu haimuliki moja kwa moja kwenye mdomo wa darubini.

Kinachoua picha hapa ni joto la mchana lililolala kwenye zege. Paa la bapa la ghorofa, ambalo kila mtu hulidhania kuwa ndiyo mahali bora, huendelea kutoa joto hadi baada ya saa sita usiku, na hewa juu yake hucheza kama iliyo juu ya jiko la makaa. Kupitia darubini utaona duara likichemka kingo zake. Huwezi kulirekebisha kwa fokasi, na watu wengi hupoteza saa nzima wakizungusha kirungu. Dalili ni hii: ikiwa picha inakuwa safi kwa nusu sekunde kisha inavurugika, ni hewa, ikiwa haiwi safi kamwe, ni darubini.

Mahali pazuri ni penye nyasi au mchanga, mbali kidogo na kuta zilizopigwa na jua la jioni, mabati, na mashine za nje za viyoyozi. Ikibidi uwe juu ya paa, mwaga ndoo kadhaa za maji baada ya magharibi, kaa ukingo unaotoka upepo, na anza baada ya saa sita. Kamwe usitazame kupitia dirisha, liwe wazi au limefungwa. Kioo cha dirisha hupinda mwanga, na dirisha wazi hupitisha hewa ya chumbani inayokorogana na ya nje.

Hapa ndipo kaskazi inapotufaa. Januari na Februari upepo huo hutoka kaskazini mashariki ukipitia baharini, na hewa iliyosafiri juu ya maji hufika imetulia kuliko iliyopita juu ya mji. Ufuo wa Nyali, Bamburi au Shanzu huipokea ikiwa bado haijaguswa na majengo. Ubaya wake ni kwamba upepo huo huo hutikisa bomba la darubini na huleta chumvi. Kaa nyuma ya kichaka au ukuta mfupi, shusha miguu ya tripodi hadi mwisho, ning'iniza chupa ya maji ya lita tano katikati yake, na utazame umekaa. Ufuoni usiku nendeni kundi, na mwenye eneo ajue mpo.

Darubini ipi

Ya lenzi ya kipenyo cha milimita 70 itakuonyesha duara, rangi, na katika usiku mtulivu kofia nyeupe ya barafu kwenye ncha ya sayari. Ya kioo ya milimita 114 hadi 130 ndiyo ninayoiona kuwa mwanzo wa kweli: doa jeusi la Syrtis Major huonekana bila kubahatisha. Yenye milimita 130 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sekunde 0.9 hivi, maana yake kwenye duara la sekunde 13.8 unapata nafasi kama 15 za maelezo kutoka ukingo hadi ukingo. Si nyingi, ila zinatosha. Ya milimita 200 ni raha, mradi una gari la kuibeba.

Mitego miwili ya dukani. Wa kwanza ni boksi lililoandikwa "525×". Hiyo ni darubini ya urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi au kioo kikuu hadi picha inapokusanyika) wa milimita 700, lenzi ya jicho ya milimita 4 na Barlow, yaani lenzi ya kuzidisha ukuzaji, ya mara tatu. Hesabu ni sahihi, 700 kugawanya kwa 4 kisha mara tatu, na picha ni uji. Ukomo wa kukuza ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita: ya 70 isizidi 140, ya 130 isizidi 260. Wa pili ni bomba fupi la nusu mita lililoandikwa urefu wa fokasi wa milimita 1,000. Ndani yake kuna lenzi iliyofichwa ya kurefusha fokasi, kwa kawaida duni, na vioo vyake ni vigumu kuvinyoosha. Iache hapo hapo.

Kukuza mara 135 huifanya Mirihi ya 2027 ionekane sawa kwa ukubwa na Mwezi unaoutazama kwa macho matupu. Lenga hapo: kwa darubini ya milimita 130 yenye fokasi ya 650, lenzi ya jicho ya milimita 5 hukupa mara 130, au ya 10 pamoja na Barlow ya mara mbili. Anza na ya 25 kuitafuta, uiweke katikati, ndipo ubadilishe. Kwa mara 130 sayari itavuka uwanja wote kwa dakika moja na nusu hivi, kwa hivyo iweke ukingo wa mashariki na uiache ipite, badala ya kuisukuma kila baada ya sekunde tano na kungoja bomba litulie.

Kuhusu stendi nina msimamo mkali: hapa Mombasa chukua Dobson, au stendi yoyote inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia. Stendi za ikweta zilizotengenezewa Ulaya hutaka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Ncha ya kaskazini kwetu iko chini ya upeo, pamoja na Nyota ya Kaskazini yenyewe, na ya kusini iko digrii 4 tu juu, nyuma ya nyumba ya jirani. Stendi nyingi hazishuki chini ya digrii 15 au 20, na zikilazimishwa, fimbo ya uzani hugonga mguu wa tripodi. Kama tayari unayo, elekeza mhimili kusini kwa dira na ufupishe mguu wa kusini hadi mhimili ulale karibu na digrii 4, ukihakikisha haipinduki. Kama ina mota, swichi ya N na S iwe kwenye S. Ikibaki N, mota itaikimbiza sayari mara mbili ya kasi ya kawaida na utadhani imeharibika.

Dobson nayo ina tatizo lake utosini: bomba likisimama wima, kuizungusha ni kubishana nayo. Kwa digrii 71 za 2027 bado inatii. Mwaka 2029 utalazimika kutazama saa moja na nusu kabla au baada ya kileleni.

Vioo lazima vinyooke. Safari moja ya tuktuk kutoka Kisauni hadi Mtwapa yatosha kuvitoa mahali pake. Ukifika, elekeza kwenye Regulus kwa mara 100 hivi, toa fokasi mpaka nyota iwe sahani yenye pete, na uangalie kivuli cha kioo kidogo. Kikiwa katikati, sawa. Kikiegemea upande mmoja, zungusha skrubu za kioo kikuu robo robo, ukirudisha nyota katikati ya uwanja kila mara, hadi pete ziwe sawa. Hii ni kazi ya dakika kumi, na huongeza maelezo kuliko lenzi yoyote utakayonunua.

Cha kuona

Kaa. Usichungulie sekunde kumi ukainuka. Dakika ishirini mfululizo kwenye lenzi ndizo zinazofundisha jicho, na maelezo huja kwa vipande hewa inapotulia.

Mwaka 2027 ncha ya kaskazini ya Mirihi itakuwa imeinamia kwetu, kwenye majira ya kuchipua ya huko. Kofia yake ya barafu itakuwa ikipungua, kwa hivyo ichore Januari na tena Machi. Karibu nayo tafuta doa jeusi la Mare Acidalium. Upande wa pili, kwenye ukingo wa kusini, huenda ukaona weupe mwingine na kuandika "kofia ya pili". Mara nyingi hiyo ni Hellas, bonde kubwa ambalo wakati huo wa majira ya baridi ya kusini hufunikwa na ukungu na jalidi. Huu ndio msimu wa mawingu pia: weupe mwembamba kwenye kingo, hasa asubuhi na jioni za huko. Dhoruba za vumbi zinazofunika sayari nzima, kama ile ya 2018 iliyoharibu mkabala mzuri na kukizima Opportunity, kigari cha utafiti kilichokuwa juu ya Mirihi, huja zaidi katika nusu nyingine ya mwaka wa Mirihi. Mikabala mikubwa ya 2033 na 2035 ina hatari hiyo; huu mdogo hauna sana.

Mirihi hujizungusha mara moja kwa saa 24 na dakika 37. Ukitazama saa ile ile kila usiku, utaona uso ule ule umerudi nyuma kidogo tu, na itachukua zaidi ya wiki tano kuzunguka sayari nzima. Kwa hivyo ukiona Syrtis Major iko katikati saa tatu usiku, kesho itakuwa katikati karibu saa tatu na dakika 37. Ukiikosa kabisa, darubini haina kosa. Uko upande usio wake. Rudi baada ya wiki mbili au kesha saa kadhaa zaidi.

Ili ujue pande, acha sayari iteleze: inakoelekea ndiko magharibi ya anga. Darubini ya vioo hupindua picha juu chini. Ya lenzi yenye kioo cha pembe hugeuza kushoto kuwa kulia. Mchoro ufanye kwenye duara la sentimita 5, ukianza na kofia, kisha doa kubwa, na umalize ndani ya dakika 15, kwa sababu uso unazunguka digrii 14.6 kwa saa. Kichujio cha chungwa hukoleza doa, cha buluu hutoa mawingu. Kwa darubini ya 70 usinunue hata kimoja.

Kwa simu, picha moja haifai. Funga simu kwenye kishikio, funga fokasi, shusha mwangaza mpaka duara lisiwe jeupe, na urekodi video ya sekunde 90. Kwa fremu 30 kwa sekunde utapata 2,700. Programu ya AutoStakkert, ambayo ni ya bure, huchagua zilizotulia na kuzipanga juu ya nyingine. Bakiza asilimia 10 hadi 20. Usipitishe dakika tatu au nne, sayari itakuwa imegeuka.

Unyevu na chumvi

Wenzetu wa nchi za baridi hupoza darubini zao saa nzima kabla ya kutazama. Hapa tatizo ni kinyume. Darubini iliyokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitolewa nje hulowa papo hapo, ndani na nje, na ukiipangusa unasugua chumvi kwenye kioo. Ihifadhi chumba cha kawaida. Kama imekaa kwenye baridi, itoe ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na uiache nusu saa ipate joto kabla ya kuufungua. Iliyokuwa kwenye buti la gari lililopigwa jua nayo ina joto la ziada. Kioo cha milimita 130 huhitaji kama nusu saa, cha 200 karibu saa nzima.

Umande huanza lenzi ya mbele inapotazama anga wazi. Zungushia mdomo wa bomba mkeka wa sponji mweusi, urefu mara moja na nusu ya kipenyo. Ikilowa hata hivyo, tumia mashine ya kukaushia nywele kwenye moto mdogo, kwa mbali, kamwe si kitambaa.

Ukirudi kutoka ufuoni, futa tripodi na skrubu kwa kitambaa chenye maji baridi, zikaushe, tia mafuta kidogo. Kioo usikiguse kwa sababu ya vumbi. Kioshwe tu kikipata ukungu wa chumvi, kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), bila kusugua. Lenzi za jicho ziweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na pakiti za silika jeli, na uzikaushe pakiti hizo zinapobadilika rangi. Kuvu ikishaota kwenye lenzi hula ule upako wake, na hata ikisafishwa alama haitoki.